Kivinjari Kisichokumbuka

Kabla mambo hayajaharibika, watu walimwita Fundi Pazia, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Duka lake la kutengeneza kompyuta lilikuwa chini ya ghorofa, ubavuni mwa duka la miwani, na kila kompyuta ya mezani iliyopita mikononi mwake ilitoka na vitu viwili ambavyo mteja hakuviomba: vumbi limepulizwa lote, na kivinjari kipya kimewekwa. Kivinjari chenyewe kilikuwa cha watu wasiotaka kufuatwafuatwa. Kilizuia matangazo, kiliwakatia njia wale wanaokusanya habari za watu mtandaoni, na ukikifunga tu kinasahau kila ulichotafuta na kila ukurasa uliofungua. Hakibaki hata na harufu yako.

"Mimi sina la kuficha, Fundi," wateja walimwambia.

"Huna?" alijibu, mkono ameshaunyoosha. "Haya, lete simu yako hapa nisome ujumbe wako wote kwa sauti, na bwana wa miwani naye asikie."

Mteja alicheka, simu ikazama mfukoni. Fundi hakucheka. "Choo cha nyumbani kwako kina mlango," alisema. "Kwani mle ndani unafanya uhalifu?"

Hakuzaliwa na maneno hayo. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa mji mwingine. Binti huyo alipata mimba, akaipoteza ikiwa imeshaanza kucheza, akaja kwa wazazi wake kupumzika. Asubuhi moja aliketi kwenye kompyuta ya nyumbani asome habari, walau akili itoke kidogo kwenye msiba. Lakini mimba ilipokuwa hai alikuwa ametumia mashine ileile kutafuta vitanda vya watoto na majina mazuri. Mashine ilikuwa haijasahau. Akifungua habari ya mafuriko, pembeni kuna kitanda cha mtoto. Akifungua habari ya bunge, pembeni kuna nepi, na maandishi ya rangi ya waridi: Mgeni wako yuko njiani! Fundi alikuwa jikoni aliposikia kilio. Alimkuta binti yake amekifunika kioo cha kompyuta kwa mto wa kiti, anautandika ngumi mto ule kama umemkosea.

Siku ileile Fundi aling'oa kivinjari cha zamani akaweka hiki.

"Wale watu hawana haya," alimwambia mumewe. "Wanakumbuka hata kile ambacho mwenyewe unaomba usikikumbuke."

Mumewe alikuwa mpima ardhi mstaafu. Fundi alimwita Mzee, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi kuliko nyeupe. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo: viatu vilipangwa mstari mmoja, picha ukutani hazikuruhusiwa kuinama hata kidogo. Baada ya kustaafu aliendelea kuchora ramani za viwanja kwa watu waliomfuata nyumbani, na kompyuta ya mezani ilikuwa katika kile chumba kidogo kilichokuwa cha binti yao zamani.

Mwanzoni alikilalamikia sana kivinjari kipya.

"Hiki chombo chako, Fundi, kina usahaulifu wa mlevi," alisema. "Jana nimeingia kwenye gazeti langu, leo linaniuliza mimi ni nani."

"Ndiyo raha yake hiyo."

"Raha gani? Mimi nimezeeka na gazeti lile. Linanijua."

"Linakujua mno, ndiyo shida."

Alimfundisha taratibu, amesimama nyuma ya kiti chake, mkono begani. Alimwonyesha kitufe cha kufuta kila kitu kwa mara moja, kabla hata ya kufunga. Ukikibonyeza, moto mdogo wa kuchorwa unawaka kwenye kioo, kisha ukurasa unabaki mweupe. Mzee alikipenda kile kimoto. Alikibonyeza mara kadhaa kama mtoto aliyepewa kengele. Malalamiko yakapungua, halafu yakaisha kabisa, na Fundi akaona ameshinda. Dukani alijisifu: "Mume wangu alikuwa mbishi kuliko ninyi nyote. Sasa hivi hataki kusikia kingine."

Ndani ya nyumba alijiwekea na sheria. Mlango wa kile chumba ukiwa umefungwa, anabisha hodi. Anasimama na kikombe cha chai mkononi, anabisha, anangoja. Ndani anasikia kiti kinasogezwa, kisha sauti: "Karibu, Fundi." Akiingia anakuta kioo cheupe au ramani ya kiwanja. Rafiki zake walimcheka kwa kumbishia hodi mume wake mwenyewe, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Yeye aliona hiyo ndiyo heshima, na wao wangekuwa nayo, ndoa zao zisingekuwa zinawaka moto kila wiki.

Dalili zilikuwepo. Mzee alianza kuamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Safari ndefu alizikwepa. Alipunguza chai, yeye ambaye zamani alikuwa akiinywa kama maji.

"Mbona siku hizi unaamka amka?" Fundi alimuuliza.

"Nani kijana hapa? Hata kibofu nacho kimestaafu."

Walicheka wote wawili. Baadaye ikaja nyonga, kisha mgongo. Alisema ni kiti. Fundi alimnunulia kiti kingine, cha kuegemea, chenye magurudumu. Mzee akashukuru, akakisifia kwa majirani, akaendelea kutembea ameshika kiuno. Akakonda kidogo. Alisema ameacha sukari. Kila swali lilikuwa na jibu lake, na majibu yote yalikuwa yamenyooka kama picha zake za ukutani.

Kisha asubuhi moja aliinuka kutoka mezani na miguu ikamkatalia. Si kwamba iliuma. Haikuwepo. Aliteremka chini taratibu ameshika ukingo wa meza, akaketi sakafuni, akamtazama mkewe kwa uso wa mtu aliyefikiwa na mgeni aliyekuwa akimtarajia.

Hospitali walimpiga picha, wakamtoa damu, wakamwekea mpira wa mkojo. Daktari aliyemwita Fundi ofisini alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, macho yamechoka.

"Mama, najua si rahisi kwenu," alisema. "Ni kama mlivyokuwa mnaogopa. Saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye uti wa mgongo. Tutampa dawa za kuipunguzia nguvu, na za maumivu. Lakini kuitoa, hapana, muda huo umepita."

Fundi alishika neno moja tu. "Kama tulivyokuwa tunaogopa nani?"

Daktari alifunga faili aliyokuwa ameifungua. "Mzee amenieleza yote, tangu siku alipoanza kuona damu kwenye mkojo. Amekuwa akisoma mtandaoni muda mrefu, anataja vipimo na dawa kwa majina. Nilidhani mmekuwa mkisoma pamoja."

"Ndiyo," Fundi alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Aibu ilimjibia kabla hajafungua mdomo vizuri.

Nje, kwenye korido, alikuwa amekaa wifi yake, dada mkubwa wa Mzee, aliyewahi kuwa matroni wa bweni la shule na bado alikuwa na sauti ya kuamsha mabweni. Alipoambiwa, alishika kichwa, akalia kidogo, akajifuta. Halafu akageuka.

"Damu kwenye mkojo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Wifi, hakuniambia."

"Hakukuambia! Unalala naye kitanda kimoja, unamfulia, unampikia. Nyumba usiyolala ndani ndiyo hujui ila yake. Wewe umelala humo miaka yote."

"Alikuwa anafunga mlango."

"Na wewe ulikuwa unabisha hodi!" Watu kwenye benchi waligeuka. "Usidhani sijasikia, ndugu wote wanalicheka. Kompyuta za mji mzima unazijua matumbo yake, ya mumeo hujui alikuwa anatafuta nini?"

Fundi alirudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa, lakini miguu ilimpeleka moja kwa moja kwenye kile chumba. Mchana ulikuwa mweupe dirishani. Akawasha mashine, akafungua kivinjari.

Hakukuwa na kitu. Kisanduku cha kutafutia kilikuwa kitupu, kimeng'aa kama sahani iliyooshwa. Fundi alijua njia za kuokota vilivyofutwa, ndiyo kazi yake, watu walimletea mashine zilizoungua akawarudishia picha za harusi. Alijaribu zote. Akachomeka vifaa vyake, akapekua diski pembe kwa pembe. Alipata ramani za viwanja, alipata mchezo wa karata. Kivinjari hakikumpa hata herufi moja, kwa sababu aliyekitengeneza alijua kazi yake, na aliyekisimika pia.

"Kazi nzuri, Fundi," alijiambia kwa sauti.

Lililomuuma halikuwa hilo hasa. Alikijua kile kivinjari cha zamani, alichoking'oa kwa hasira. Kama kingekuwepo, Mzee angetafuta mara moja tu damu kwenye mkojo, na wale wasiokuwa na haya wangemrukia. Kesho yake Fundi angeketi na chai yake kusoma habari kwenye mashine hiyohiyo, kama alivyofanya kila asubuhi, na pembeni ya habari ya bunge angeona tangazo la zahanati, vidonge vya tezi dume, picha ya mwanamume ameshika kiuno. Angejua ndani ya wiki. Wafanyabiashara wa vidonge, wasiomjua wala kumpenda, wangemwambia kile ambacho mume wake alimficha.

Alifungasha pajama na taulo akarudi hospitali.

Hakumuuliza siku ile, wala iliyofuata. Alimlisha, akamgeuza, akamkata kucha. Siku Mzee alipopata nafuu ya dawa na rangi ikamrudia kidogo, Fundi aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mbona hukuniambia?"

Mzee alikuwa akitazama chupa ya dripu. "Ungenileta hapa."

"Ndiyo, ningekuleta."

"Wangenipasua."

"Na ungepona!"

"Fundi, nilisoma yote. Wanaume wanaopasuliwa wengine hawarudi kama walivyokuwa. Wanavaa nepi. Na mambo mengine... yanaisha." Alinyoosha shuka. "Nilitaka kubaki mumeo."

Fundi alihisi kicheko kinampanda, kibaya, akakirudisha chini. "Nani aliyekuambia mume ni hicho? Mimi niliwahi kukuambia?"

"Hapana."

"Nani, sasa?"

Mzee akasema kulikuwa na jukwaa mtandaoni, la wanaume tu, wenye maradhi yale. Halifunguki mpaka uwe na neno la siri. Hakuna anayetumia jina lake. Yeye alijiita Bikoni, kama zile alama za zege wanazosimika kwenye mipaka ya viwanja. Huko alikuwa ameongea yote: damu, kitandani, woga. Kuna mmoja alimwelekeza kwenye unga wa mizizi unaoletwa kwa posta, akaunywa msimu mzima akiuchanganya kwenye uji.

"Uji niliokupikia mimi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watu usiowajua hata sura wanajua mkojo wako una rangi gani, na mimi naambiwa kibofu kimestaafu."

"Ndiyo maana niliweza kuwaambia," Mzee alisema. "Kwa sababu siwajui." Kisha akaongeza, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililochoma: "Wewe mwenyewe ulisema kila mtu ana haki ya mlango wake."

"Nilisema kwa ajili ya wale wanaotuuza!" Sauti yake ilimfikia mgonjwa wa kitanda cha pili, akajigeuzia ukutani kwa adabu. "Mimi ninakuuza? Mimi ni tangazo?"

Mzee alifumba macho. Muuguzi akaja kubadilisha dripu.

Walimruhusu kurudi nyumbani, si kwa kupona. Fundi alifunga duka. Bwana wa miwani alimsaidia kubandika karatasi mlangoni kwamba fundi anauguza. Kitanda kiliwekwa kwenye kile chumba kidogo kwa sababu kilikuwa karibu na choo na kina dirisha kubwa. Binti alikuja, akakaa, akalazimika kurudi kazini, akawa anapiga simu kila Jumapili. Wifi alikuja karibu kila siku na supu kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Alimnywesha kaka yake mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akiwa amempa Fundi mgongo.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," Wifi aliiambia supu, bila kumtazama yeyote. "Lakini kuna maradhi yanafichwa na wawili."

Mzee alisikia. Fundi alimtazama usoni, akingoja aseme: hapana dada, mke wangu hakujua. Sentensi moja tu, nyepesi kuliko kijiko cha supu. Mzee alifungua kinywa, akapokea supu.

Alasiri moja, Wifi ameshaondoka, Mzee aliomba kompyuta isogezwe karibu na kitanda. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa dawa.

"Nataka kuwaaga," alisema.

Fundi alijua anawazungumzia akina nani. Angeweza kukataa. Alivuta meza, akafungua kivinjari, akafika kwenye jukwaa lile kwa maelekezo yake, na Mzee akaliandika neno la siri mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, naye Fundi akatazama pembeni. Hata hapo alitazama pembeni.

"Andika," Mzee alisema. "Ndugu zangu, hapa Bikoni. Imefika mifupani. Nashukuru kwa mazungumzo yenu yote. Msichelewe kama mimi. Kwaherini."

Fundi aliandika kama alivyoambiwa, akatuma. Alidhani watakaa kimya, lakini majibu yalianza kudondoka palepale, moja chini ya jingine. Mzee hakuwa na miwani. "Nisomee," alisema, na uso wake ulikuwa na tabasamu ambalo Fundi hakuwa ameliona tangu siku ile miguu ilipomkatalia.

"Pole sana, Bikoni, ulikuwa nguzo ya hapa," alisoma. "Mungu akupunguzie maumivu. Bikoni, ulinifundisha uvumilivu." Akaenda kwa jingine, akaendelea kusoma kabla macho hayajamwonya. "Kaka, inauma. Tulikuambia usimsikilize yule mwanamke. Tulikuambia nenda hospitali, ukasema mkeo anasema tusubiri. Amekuua."

Sauti yake ilisimama. Chini yake kulikuwa na mwingine: Wanawake wengine bora uishi na nyoka. Na mwingine: Natumaini anakuona sasa.

"Mwanamke gani?" Fundi aliuliza.

Mzee alikuwa ameshageuza uso upande wa dirisha.

"Mzee. Mwanamke gani huyo?"

"Walikuwa wananisukuma," alisema kwa sauti ndogo. "Kila siku, nenda hospitali, nenda hospitali, mkeo anasema nini. Sikuwa na la kuwajibu. Nikasema unajua. Nikasema ni wewe unayeogopa kisu."

"Mimi."

"Hawakujui, Fundi. Hawana jina lako. Ni maneno tu ya mtandaoni."

Fundi aligeukia kibodi. Vidole vyake, vilivyozoea kushika bisibisi ndogo kuliko kijiti cha meno, viliandika haraka: Mimi ndiye mke wa Bikoni. Sikuambiwa lolote. Nimejua siku ileile daktari alipojua. Maneno yakakaa pale kwenye kisanduku, yakingoja kidole kimoja.

"Unaandika nini?" Mzee aliuliza. Alijaribu kuinuka, hakuweza. "Fundi, tafadhali. Tafadhali sana. Wale ndio watu pekee waliobaki wanaoniona mwanamume."

Alimtazama. Shingo ilikuwa imekonda, kola ya pajama imekuwa kubwa. Mtu aliyepima mipaka ya nusu ya mji alikuwa anaomba kama anayeomba maji. Fundi alifuta maneno yake, akafunga kivinjari. Hakupiga picha ya kioo, hakunakili hata mstari mmoja. Anayeuguza hawazi ushahidi. Alimgeuza ubavu wa pili, kama alivyotakiwa kumgeuza kila baada ya muda, akampaka mafuta mgongoni ili usichubuke, na alipokuwa anampaka alijiona mikono yake imekuwa mizito, inasugua zaidi ya inavyotakiwa. Akaipunguza.

Mzee alifariki bila kurudi kwenye mazungumzo yale. Siku za mwisho aliongea juu ya viwanja, jirani gani amesogeza ukuta wa nani. Mara moja alimshika mkono akamwambia, "Umenitunza sana." Fundi alingoja aendelee. Hakuendelea.

Msiba ulijaa watu. Wapima walikuja, majirani walikuja, wateja wa duka walikuja wakakaa mbali kidogo. Fundi alipokea pole na kusikia kile kilichokuwa kinanong'onwa nyuma ya pole: eti alijua, eti alimzuia mume asipasuliwe kwa sababu zake za kike, eti ndiyo maana aliweka kivinjari kinachofuta kila kitu. Huo ndio msiba uliomfika. Walisema kilio humuumbua mficha maradhi, lakini aliyeficha alikuwa amelala salama kaburini, na kilio kikamuumbua aliyebaki.

Watu walipotawanyika, Wifi alibaki akiosha vikombe. Fundi alimfuata jikoni. Alikuwa ameamua kunyamaza, na angeweza, lakini Wifi aliweka kikombe juu ya kingine kwa nguvu.

"Basi mtandao wako umekula ndugu yangu."

Hapo Fundi alimweleza yote. Jukwaa, Bikoni, unga wa mizizi, kuaga, yule mwanamke. Alieleza bila kulia, kwa mpangilio, kama anavyomweleza mteja kilichoungua na kwa nini. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, maji yanamchuruzika kwenye viganja.

"Kaka yangu alikusingizia?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu, aliyekuwa akirudi kwa mwenye duka kurudisha chenji iliyozidi?"

"Ndiyo, Wifi."

Wifi alijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nionyeshe."

Fundi aliokota kikombe, akakipangusa.

"Si ulikaa naye mkasoma? Nipeleke kwenye hiyo kompyuta. Nionyeshe mahali kaka yangu alipoandika hivyo, nikusujudie hapahapa."

"Hakuna kitu. Kinajifuta. Na neno lake la siri sikulitazama."

"Hukulitazama." Wifi alitikisa kichwa polepole, akachukua chupa yake ya supu, akaangalia kama kifuniko kimefunga. "Wewe ni fundi, wifi yangu. Ungekuwa mjinga ningekuamini."

Aliondoka, na baada ya hapo alifika mtaani kwa arobaini za watu wengine tu, akipita mlangoni kwa Fundi na gari bila kushuka.

Fundi alifungua tena duka. Wateja wengine hawakurudi, wengine walirudi kwa sababu hakuna fundi mwingine karibu. Kivinjari kile bado anakiweka, kwa anayekiomba. Bado anaamini choo kinahitaji mlango. Ila hotuba hatoi tena, na bwana wa miwani amezoea kusikia ukimya upande ule wa ukuta. Siku moja alikuja mwanamume mwenye umri wa Mzee, akaweka mashine mezani, akainama na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba anataka kile kivinjari kisichobakiza kitu. Fundi alizishika nyaya mkononi muda mrefu. Alitaka kumuuliza kama anaumwa. Alitaka kumuuliza kama ana mke, na mke anajua nini. Si kazi ya fundi kuuliza. Aliweka, akajaribu, akamwonyesha kile kimoto, na yule mtu akatabasamu.

Binti yake alikuwa bado akipiga simu siku za Jumapili, lakini mazungumzo yalikuwa yamekuwa ya hali ya hewa na bei ya vitu. Fundi alijua shangazi mtu ameshafika huko kwa simu zake. Jumapili moja alimtangulia.

"Uliza, mwanangu. Unataka kuniuliza, uliza."

Upande wa pili palikuwa na kelele za vyombo, kisha zikakoma. "Mama, Baba alificha peke yake?"

"Peke yake."

"Na wewe hukujua kabisa?"

"Sikujua."

"Nakuamini, Mama," binti alisema, na alilisema haraka, kama mtu anayebonyeza kukubali masharti bila kuyasoma. Halafu akauliza kama mvua zimeanza huko.

"Bado," Fundi alisema. "Kuna mawingu tu."